Mashine Inanguruma, Nami Nakata kwa Mkono

Mshauri mpendwa, zimebaki siku nane na sina mwingine wa kumwambia, maana Jumamosi ya wiki ijayo binti yangu anakuja kukaa ndani ya karakana yangu anitazame nikikata ubao kwa mashine aliyoninunulia yeye mwenyewe, na mimi, niliyefanya useremala kwa miaka hamsini na miwili, mashine hiyo imenishinda, na kwa miezi minne nimekuwa nikimdanganya kwamba naiweza.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu nasoma safu yako kila wiki na naona jinsi unavyowakaripia wanaoruka ruka. Nilitoka kwetu miaka arobaini na mmoja iliyopita, kwa haraka, na hapa nilipofika sikujua hata kusalimia, ila siku ya tatu nilimfupishia mtu mlango uliokuwa unakwaruza sakafu, na kuanzia siku hiyo watu wakanijua kwa mkato wangu kabla hawajanijua jina, nikafungua karakana nyuma ya nyumba, nikafundisha vijana thelathini na mmoja, na kila mmoja nilimkaririsha sheria moja kabla hajagusa kitu: upande mzuri wa ubao juu, mstari juu, jicho juu. Mke wangu alifariki, tukabaki wawili, mimi na binti, naye akawa muuguzi.

Mwaka jana bega la kulia likaanza kunikatalia. Binti akanipeleka kupigwa picha, daktari akazitazama kwenye mwanga kisha akasema msumeno wa mkono basi, randa basi, na nyumbani binti akayarudia kwa lugha ya kwao hospitalini, ambayo haina huruma.

"Baba, nikikukuta tena na ule msumeno wa mkono, nafunga karakana, na ufunguo nakaa nao mimi."

"Sasa mimi nitafanya nini kutwa nzima?"

"Utasoma magazeti."

"Magazeti nayamaliza saa tatu asubuhi."

Basi akaninunulia huu msumeno mdogo wa umeme, wenye mpini kama wa pasi na wembe mwembamba unaochungulia chini, unaopanda na kushuka kwa kasi kuliko macho. Ana ujauzito wa miezi saba, wa kwanza, baada ya kungoja sana, na kazi niliyojipa ni kitanda cha mtoto, chenye ubao wa kichwani na wa miguuni, juu umekatwa kwa upinde. Nilichagua plaiwudi nzuri, upande mmoja umebandikwa ngozi ya mbao yenye mishipa myekundu, nikachora upinde, nikawasha.

Mshauri, ile mashine ilinipokea kama mgeni asiyetakiwa. Ubao nimeubana kwa goti kama nilivyoubana maisha yangu yote, nao unaruka ruka, meno yangu yanagongana, unga wa mbao unafunika mstari, nikiupuliza unaniingia machoni, nikisukuma kwa nguvu mashine inalia na wembe unapinda, nikimaliza naona juu nimefuata mstari sawasawa lakini chini mkato umekwenda zake upande, na ule uso mzuri, ule wenye mishipa, umechanika kingo zote kana kwamba panya wameshinda hapo. Nilibadilisha ubao. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu nilisukuma polepole, ukachanika polepole. Zote tatu ziko chini ya kitanda changu, na ninapolala najua ziko pale.

Siku iliyofuata nilichukua msumeno wangu wa mkono. Lakini binti hupiga simu kila adhuhuri, na jirani yangu, mama fundi cherehani, anakaa upande wa pili wa ukuta na ni rafiki yake, kwa hiyo nilifanya jambo ninaloliandika hapa kwa mara ya kwanza: nilitoa wembe kwenye mashine, mimi si mtoto, nikaifunga juu ya meza kwa kamba, nikaiwasha ingurume, na mimi pembeni nikakata kwa mkono. Simu ikilia naisogeza karibu na mashine.

"Baba, nasikia uko kazini."

"Niko kazini, mwanangu."

"Na bega?"

"Bega limepumzika."

Mshauri, bega halijapumzika. Kwa sasa mkono haupandi kupita sikio. Shati naingia kwa kichwa, vifungo nimeshavifunga tangu jana yake. Ubao wa kichwani nimeumaliza kwa siku kumi na moja, kazi ya asubuhi moja, nao ni mzuri, na binti alipouona alilia, akasema wa miguuni anataka kuuona ukikatwa kwa macho yake, akae kwenye kiti, apige picha.

Jana, nikikata mbao za ubavuni, jirani alinigongea ukuta.

"Mzee! Hiyo mashine yako leo inakula nini?"

"Inakula mbao, mama. Mashine ya mbao itakula nini?"

"Mimi nina cherehani ya umeme miaka kumi na tisa. Ikiingia kwenye kitambaa kizito sauti inashuka. Yako haishuki. Inaimba tu, kama imeachiwa nyumba."

"Ni mashine nzuri, haichoki."

"Haya. Mwambie na yeye apumzike, huyo anayefanya kwee-kwee pembeni yake."

Hajasema kitu kwa binti, bado. Nikikiri, karakana inafungwa, na nje ya karakana mimi ni mzee mwenye lafudhi. Nisipokiri, Jumamosi itakiri yenyewe. Je, nijifanye naumwa? Nimwambie umeme umekatika? Nishauri, na tafadhali jina langu usilitoe.

Mimi, Fundi wa Nyuma ya Nyumba.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu.

Nianze na umeme. Umeme haukatiki kwa mtu mmoja, na jirani yako ana cherehani inayotumia waya ule ule. Na ugonjwa usijifanye, unao tayari. Wewe ni mwongo wa miezi minne tu, bado hujaizoea kazi hiyo, na kwa maoni yangu usiizoee.

Mimi sijui mbao. Barua yako nilimpelekea mama mmoja anayetengeneza majukwaa ya maonyesho, anayekata mapinde kutwa kwa mashine kama yako. Alisoma mpaka pale kwenye sheria yako uliyowakaririsha vijana thelathini na mmoja, akaweka karatasi chini, akasema, "Masikini, kumbe ni hapo." Msumeno wako wa mkono, baba, unauma ukishuka, ndiyo maana uso wa juu unabaki safi. Mashine hii meno yake yanatazama juu, inauma ikipanda, na inapotokea juu ndipo inapochana. Uso mzuri unalazwa chini, mstari unachorwa mgongoni. Ulikuwa sahihi miaka hamsini na miwili kwa chombo kimoja, ukadhani ni sahihi kwa vyombo vyote. Si kosa la uzee. Vijana wako wote wangelifanya, maana uliwafundisha wewe.

Mengine aliyosema, na nimeyaandika kama alivyoyatamka: goti si kibanio. Nunua vibanio viwili vya chuma, ubane ubao mezani, sehemu ya kukatwa itokeze nje. Wembe uwe mpya, wa meno madogo. Ubavuni kuna kitufe chenye namba, kirudishe sifuri, wembe uache kuyumba mbele na nyuma. Washa kwanza, ishike kasi, ndipo uguse mbao. Kandamiza mashine chini ubaoni, lakini mbele usiisukume hata kidogo, iongoze tu, itembee kwa mwendo wake, kwa sababu ukiisukuma wembe unapinda na mkato wa chini unakukimbia. Bega lako litashukuru, kwani nguvu yenyewe haihitajiki. Vaa miwani ya kazi. Unapobadilisha wembe, chomoa waya ukutani. Mbao tatu za chini ya kitanda zitoe leo hii ujifunzie, zina kazi bado.

Hayo ni ya mashine, na mashine ndiyo ndogo katika barua yako.

Nikukaripie sasa. Daktari alikukataza, ukakata kwa mkono siku kumi na moja, kisha unavaa shati kama mtoto wa chekechea na kuniandikia kuhusu kingo za plaiwudi. Bega likichanika halibadilishwi kama ubao. Ule ubao wa kichwani uliomliza binti yako umeutengeneza kwa kiungo ambacho ungembebea mjukuu. Fikiri hilo kwa dakika moja, kisha endelea kusoma.

Na binti yako ni muuguzi. Kazi yake ni kuwatazama watu wakisema hawaumwi. Unaamini hajaona mkono usiopanda kupita sikio? Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba, siku yake ya mapumziko, haendi kukaa kwenye unga wa mbao kwa ajili ya picha. Anakuja kukupa nafasi. Ameona kukuuliza kungekuvunjia heshima, akakuwekea Jumamosi.

Unaogopa ufunguo. Naelewa. Mtu aliyewahi kuacha nyumba nzima kwa haraka hawezi kuambiwa kwa wepesi aache chumba kimoja. Lakini soma tena alichosema: atafunga akikukuta na msumeno wa mkono. Hakusema atafunga ukishindwa na mashine. Kushindwa umejikataza mwenyewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Kesho upeleke msumeno wa mkono kwa jirani auweke kwake, na umshukuru kwa kunyamaza. Jumatatu nenda ukaonyeshe bega, bila kumngoja binti akupeleke. Siku zinazobaki fanya mazoezi, nusu saa tu kila siku, kisha uache.

Jumamosi kiti chake kiweke nje ya mlango, upande unakotoka upepo, asivute vumbi. Usiwashe kitu kwanza. Mwambie kabla hajakaa: ubao wa kichwani niliukata kwa mkono, bega linauma, na sauti uliyoisikia kwenye simu ilikuwa ya mashine inayonguruma bure. Atakasirika. Mwache akasirike, ana haki na ana miezi saba. Akikuuliza kwa nini hukumwambia, usimweleze habari za kwenu, wala za vijana thelathini na mmoja. Sema, "Niliona haya, mwanangu." Kisha neno mwachie yeye, na akisema washa, laza uso mzuri chini, ndipo uwashe.