Mama na Visu Vyangu

Jumatatu, 5 Mei

Nimekwangua bapa la kisu kipya kwa tupa mpaka vidole vimekufa ganzi. Upande mmoja bado mnene. Chuma cha springi ya lori hakina huruma.

Mama aliniamsha alfajiri kuuliza mbona hatujaondoka kwenda shamba. Shamba liko Mgeta. Sisi tuko mjini, na tumekuwa mjini tangu magoti yake yaliposhindwa mlima. Nikamwambia mvua inanyesha. Ilikuwa inanyesha kweli. Akaridhika, akalala. Mimi usingizi haukurudi.

Shuleni nimefundisha Kemia nikiwa nimeegemea ubao. Mama Salome, jirani yangu, amekaa na Mama mpaka niliporudi. Kumwogesha, kumlisha, kubadilisha shuka. Halafu nikapata muda wangu kidogo chini ya banda la bati uani. Hapo nina dramu la breki lililogeuzwa jiko, mkaa, na mashine ya kukaushia nywele ya kupulizia moto. Watu wanadhani nina wazimu. Nikipiga chuma, simsikii mtu akiniita. Sababu yangu ndiyo hiyo tu.

Alhamisi, 8 Mei

Mkaa umelowa. Moshi mtupu.

Mama ameniita Mwajuma kutwa nzima. Mwajuma alikuwa dada yake, marehemu. Hilo nimezoea. Sikuzoea nilichokikuta nilipogeuza godoro lake: visu vyangu viwili, vile vya mpini wa mninga, kavifunga vizuri kwenye kipande cha kanga. Nikamuuliza vya nini.

"Vya kabichi," akasema, akinitazama kama mjinga ni mimi.

Nimevifungia vyote kwenye sanduku la bati. Ufunguo ninao shingoni.

Jumapili, 11 Mei

Kosa langu, nilimsimulia Kaka Idrisa kwenye simu. Nilidhani atacheka. Amenisomea risala nzima kutoka Dar. Mgonjwa wa kusahau na nyumba iliyojaa visu! Mwalimu mzima, mama wa nyumba yake, anafua vyuma uani kama hana kazi! Vitoke, vyote, na lile jiko livunjwe.

Ana hoja kuhusu hatari, hilo najua. Lakini yeye huja sikukuu na mfuko wa matunda, anamshika Mama mkono, anapiga picha, anaondoka. Nimemchukia jioni nzima.

Jumatano, 14 Mei

Nimechoka. Sina zaidi.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika kabla sijanawa masizi.

Mvua ilikatika asubuhi na mkaa ulikuwa umekauka. Nikasema leo nakizamisha kisu ili kikaze. Nilimkalisha Mama kwenye mkeka mlangoni pa jikoni ili nimwone. Ametulia. Chuma kikaanza kuiva. Nikakijaribu kwa sumaku, sumaku ikakataa kushika, ishara kwamba moto umetosha. Hapo hakuna kusubiri. Ukichelewa kinaharibika, ukikiwahisha hakikazi. Nikamwona Mama anainuka anaingia ndani. Nikajua anakwenda chooni. Nikakizamisha kisu kwenye mafuta ya alizeti.

Kimetoka kimenyooka. Nikapitisha tupa, ikateleza kama juu ya kioo. Viwili nilivyojaribu kwa springi hii vilipasuka, hiki kimekaza. Nilicheka peke yangu kwa sauti.

Kugeuka, mkeka mtupu. Chooni hayupo. Chumbani hayupo. Geti wazi. Na kisu changu kimoja nilichokitoa sandukuni asubuhi kukatia vitunguu, nikakisahau juu ya meza, hakipo.

Nimekimbia barabarani na kandambili, aproni ya ngozi kifuani, masizi usoni. Mama Salome akaelekea upande wa msikiti, mimi upande wa soko. Kila mtu nilimuuliza: mmemwona bibi, kanga ya kijani? Sikuthubutu kuongeza kwamba ana kisu. Kichwani nilishaona kila kitu. Mtoto wa mtu amejeruhiwa. Mama ameanguka juu ya kisu. Polisi wananiuliza kisu ni cha nani, nami najibu nimekitengeneza mwenyewe.

Nilimkuta wanaposhushia mboga. Malori ya Mgeta yalikuwa yamefika. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia, miguu ameinyoosha, rundo la kabichi pembeni. Anazikata vikonyo, anavua majani ya nje yaliyochakaa, anaweka upande wa pili. Haraka. Bila kuangalia mikono. Huyu anayesahau namna ya kufunga vifungo vyake, namfungia mimi kila asubuhi.

Mwenye mzigo, mwanamke wa makamo, alikuwa anaongea naye Kiluguru. Kumbe Mama alifika, akasalimia, akakaa, akaanza kazi. Hakuna aliyemshangaa.

"Ni mama yako?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Mwache amalizie basi. Kisu chake kinakata vizuri."

Nikashuka chini, matopeni, nikakaa. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu na sikujua nani. Nikamsubiri mpaka rundo likaisha. Akanipa kisu mwenyewe, mpini mbele. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Njiani akauliza mimi ni nani.

Jumapili, 18 Mei

Mama Salome amemweleza Idrisa kila kitu. Kwa nia njema, anasema. Idrisa anakuja Jumamosi na gari kubeba visu. Hakuniuliza, amenitaarifu.

Kisu kipya kiko kwenye sanduku na vingine. Sijakigusa. Nimefunga geti kwa kufuli. Mama ameshinda akilitikisa.

Jumamosi, 24 Mei

Idrisa amefika mapema. Shikamoo kaka, marahaba, sanduku liko wapi. Nikampa ufunguo wa sanduku. Nikampa na wa geti. Nikamwambia uji uko kwenye chupa, nguo safi ziko kwenye kapu, mimi nakwenda kusuka nywele.

"Sasa hivi?" akauliza.

"Sasa hivi."

Sikuwa nimepanga. Maneno yalitoka yenyewe. Nimekaa saluni, nikasinzia kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, nikaamka nimesukwa. Sikuharakisha kurudi.

Nimemkuta kaka yangu amekaa kwenye ngazi za jikoni. Shati limelowa uji. Mama alikuwa anamfokea, anamwita mwizi wa mbegu. Sanduku lilikuwa palepale, halijafunguliwa.

"Kila siku yuko hivi?"

"Leo ni siku nzuri."

Kisha akasema hakujua. Nilitaka kumwambia niliwahi kumweleza, tena si mara moja. Nikampa kitambaa. Alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye uji.

Jioni ameniambia atamchukua Mama. Mwezi mmoja Dar, kwake, kisha tutazungumza kama watu wazima. Mkewe amekubali kwenye simu. Kuhusu visu hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha.

Jumapili, 1 Juni

Idrisa alirudi na gari, wameondoka. Mama alipanda gari bila ubishi, amevaa gauni la Idi, akidhani wanakwenda Mgeta. Hakuna aliyemsahihisha. Nilimfunga mkanda. Akanishika shavu akasema, "Mwajuma, usichelewe."

Nimefagia uwanja. Hakukuwa na uchafu.

Jumanne, 3 Juni

Shule zimefungwa. Mkaa mkavu, banda kimya, springi ya lori nzima imelala pale inaningoja. Nimekuwa nikitamani siku kama hii tangu mwaka jana. Sikuwasha moto.

Nimekunywa chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Nimeosha sahani moja.

Sikumkumbuka Mama mpaka mchana. Kisha nikamkumbuka kwa nguvu, nikampigia Idrisa. Amesema Mama amekula, amelala. Yeye mwenyewe sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala.

Nikaenda kujinyoosha kwenye kitanda cha Mama, maana chumba chake ndicho kinachopata jua. Nilipoamka, Mama Salome alikuwa anachemsha maharage upande wa pili wa ukuta, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka katikati ya mlima. Sikuinuka. Nimelala pale macho wazi, nikisikiliza mfuniko wa sufuria yake ukigongagonga kama geti alilokuwa akilitikisa Mama.