Mugisho, Diski Yetu Imefika

Mugisho, petit yangu, mudogo wangu,

Toka Uvira mpaka Goma hakuna mutu anaimba kunishinda. Nikioga mu ziwa, samaki zinapanda juu kusikiliza. Ku kanisa padri alinikataza kuimba na sauti yote, alisema Mungu alishasikia, inatosha. Na zile nyimbo zote munane za diski yetu, ni mimi nilizitunga, maneno na muziki. Haiko mimi nasema. Iliandikwa pale katikati ya diski, kila mutu anasoma.

Njo habari ya kwanza hiyo: diski imefika. Ile kubwa, haiko zile mbili ndogo za mbele. Ilikuja na kamioni, mu karito yenye ililoana, wiki tatu kisha sisi kukuzika kwenu Mumosho. Maman yako anaishika na mikono mbili kama sahani ya mugeni. Hana mashini ya kuipigia. Anaangalia picha tu: wewe umekaa ku kiti, mimi nimesimama nyuma, juu ulikataa batu baone unanifika ku bega. Chini baliandika Duo Matope. Koti yako imetoka rangi ya ndizi. Nilitaka kucheka. Kicheko haikukuja.

Kusema kweli, hakuna kitu inakuja. Ku matanga yako batu balilia, shangazi yako akaanguka chini, mimi nikaangalia viatu. Papa mumoja alivaa soksi za rangi mbili. Nilikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikaomba tena. Balisema, "Huyu Bisimwa iko na roho nguvu." Haiko nguvu. Iko kama mukono wenye uliulalia: unauona, ni wako, unaufinya, hausikii.

Hapa kwetu Kadutu iko vile uliiacha. Mvua, matope, mvua. Ku radio banapiga ile nyimbo ya mustari, ile ya papa mwenye anangojea karatasi ku biro mpaka ndevu zinamufika mu magoti. Batu banaipenda, banasema ni ya kuchekesha. "Jembe ya Chef" radio haiipigi tena. Lakini Jumamosi ku salongo, tukiwa tunazibua mifereji juu serikali ilitulazimisha, kuna mwenye anaanza kuipiga muluzi, mumoja tu, na bengine bote banainamisha kichwa, majembe zinaanguka pamoja. Hakuna anaimba maneno. Hakuna haja.

Unakumbuka siku tuliiingiza mu bande, kuirekodi? Ku chumba ya yule fotografe wa Nyawera, magodoro ku madirisha, mikro moja kwa batu babili. Wewe alikuambia karibia. Mimi alinisukuma: "Weye, rudi nyuma. Tena. Tena! Utapasua mashini yangu, toka ku mulango!" Nikaimbia ku kizingiti, muguu moja ndani, ingine inje, mvua inaninyeshea mugongo. Nikakuambia, "Unaona sauti ya mwanaume? Wewe banakuweka karibu kama mugonjwa." Ukasema, "Imba tu, Bwana Mulango." Toka siku ile ukaniita vile, ata mbele ya mabinti.

Na ku kipande ya tatu mvua ikakamata mabati. Fotografe akataka kusimamisha, wewe ukanyanyua kidole: hapana, tuendelee. Mpaka leo ile mvua iko ndani ya diski. Batu banadhani ni ngoma.

Juzi baliniita kuimba ku ndoa moja ya Panzi. Kulikuwa nafasi mingi, mikro muzuri. Nikajikuta nimesimama hatua tatu nyuma. Mbele hakukuwa mutu. Batu banangojea, mimi nangojea pia, sijui nangojea nani. Kisha nikaimba. Balinipigia mikono. Nilirudi kwetu, nikalala muzuri.

Sawa, usinikasirikie, najua unasema nini kule. Maneno ni yako. Yote. Uliyaandika nyuma ya kaye, daftari yako ya hesabu, ulimi inje, ukifuta na mate. Mimi nilileta ile "yeeeh" ya mwisho, na bila ile "yeeeh" nyimbo haina chumvi, sema uongo! Siku ya kupeleka karatasi za diski ndogo ya kwanza, nilikuambia, "Weka jina yangu, wewe hauna sura ya vedeti, ya mwimbaji mukubwa." Ukacheka, ukanisukumia biki. Nikaandika Bisimwa na herufi kubwa, nikachora na nyota.

Sasa kuna kitu moja. Kila Siku ya Mungu naenda Mumosho kuona maman yako. Ananipakulia mbele ya bote. Ananiita mutoto yake. Na kila mara anauliza: "Bisimwa, nani alibapa bale benye balimufunga jina ya Mugisho? Ku diski baliandika yako." Anauliza polepole, haiko kwa kunishitaki. Anataka tu kujua mutu mwenye alifanya mwana yake afungwe wiki mbili pale chini, ku simenti, na kurudi na ile kifua yenye ilikumaliza. Na mimi nasukuma sahani: "Maman, ongeza sombe."

Siku ya Mungu hii nitamwambia mbele hajapakua. Nakuahidi. Ku diski yake nilishakwangua jina yangu na musumari, nikaandika yako na biki, bila nyota. Akinifukuza, anifukuze. Lala muzuri, petit yangu. Ukipata mikro kule, simama karibu.

Lakini unajua mimi, siwezi kuimba mbele ya batu bila kurudilia kwanza na wewe. Basi sikiliza.

Ilikuwa kisha ile salongo yenye chef mukubwa alikuja kupigwa picha na jembe mupya, halina ata udongo, na batu bote ba mufereji bakaimba nyimbo yetu mu uso yake. Kesho yake asubuhi balituita ku biro ya usalama, mimi wa kwanza. Citoyen moja wa abacost, ile koti ya bakubwa ba serikali, alishika diski ndogo, akasoma. "Bisimwa ni weye? Njo weye uliandika hii ya jembe?" Hakunipiga. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu.

Mimi mwenye nilijisifia ku soko, ku misa, ata kwa mbuzi ya jirani. Ile siku nikasema, "Citoyen, mimi niliacha masomo ku cinquième primaire, mwaka wa tano tu. Kuandika sijui muzuri. Ni Mugisho." Mara moja tu mu maisha yangu nilisema kama nyimbo haiko yangu.

Akaniambia, enda. Nikatoka. Wewe ulikuwa umekaa ku banki ya mbao mu kolidoro, kofia ku magoti. Ukauliza, "Ni aje, Bwana Mulango?"

Nikasema, "Haiko kitu. Ingia."

Nikakushikilia mulango.