Fundo la Kuni

Kambini, Jumapili

Dada Domitila, shikamoo.

Barua hii nampa dereva anayekuja Ifakara, maana huku bondeni simu haishiki. Mimi mzima. Narudia: mzima kabisa. Wasalimie wote hapo Lipangalala, na yule kuku wangu mwekundu msimchinje, ndiyo kwanza ameanza kutaga.

Kazi yetu wapagazi unaijua. Kwenda tunabeba mahema na masufuria ya wawindaji, kurudi tunabeba nyama. Alhamisi waliangusha nyati ng'ambo ya mto, na kibali wanacho. Nikapewa pande la paja. Wenzangu walijifunga mizigo mgongoni kwa mafundo magumu. Mimi nikafunga lile lako la kuni, la kuvuta ncha moja likafunguka. Nikodemu, mnyapara wetu, akanicheka mbele ya watu: "Fundo la kike hilo!"

Tulipokuwa tunavuka, nikakanyaga shimo. Lile paja likanivuta chali, maji yakanifunika. Nikapapasa ncha, dada, nikavuta.

Nyama wameila mamba. Mama usimwambie.

Unakumbuka ulivyonifungisha kuni upya mara kumi, mimi nalia, nakuita mkoloni? Nimelifuta neno hilo.

Leo asubuhi, tukifunga tena mizigo, Nikodemu amenijia na kamba yake mkononi. "Remi," akasema polepole, "hebu nionyeshe."

Nimemfungisha mara kumi.

Mdogo wako uliyemfundisha,
Remigius