Picha Niliyoifumbia Macho

Mpwa wangu Loretta,

Hapa Toledo theluji tele, ila mimi ngangari. Miaka thelathini nimeonyesha sinema za kutisha zilizojaza ukumbi kuliko zote: papa, mashetani, wauaji wenye vinyago. Watu wanazimia, mimi natafuna bisi! Wewe utotoni ulijificha ndani ya koti langu ukiuliza: “Mjomba, zimwi limeondoka?” Nakudanganya, “Limeondoka, tazama!” Unapiga yowe, nacheka.

Jana daktari alitundika picha ya kifua changu kwenye taa. Pafuni kuna doa jeupe. Nilifumba macho, Loretta. Alhamisi atatundika nyingine, tujue kama limekua. Njoo na koti kubwa. Nitajificha humo nikuulize, na wewe usinidanganye.

Mjomba wako asiyeogopa kitu,
Delbert