Mpira wa Kifuniko cha Bosi

Shoga, nimejifungia chooni kazini.

Unakumbuka lile somo langu la kuosha chupa za maji? Leo bosi kanipa nafasi ya kulitoa mbele ya ofisi nzima, na mkataba wangu unaisha Ijumaa.

Nikaomba chupa ya mfano. Katoa yake. YAKE, shoga. "Hii sijawahi kuiosha, binti. Inaingia maji tu, na maji yanajisafisha."

Nikachomoa mpira wa kifuniko. Chini yake ukungu mweusi, unateleza kama kamasi. Mhasibu kaziba pua. Mimi kwa moyo mweupe nikaendelea: sabuni, brashi, matone ya klorini, suuza, anika wazi.

Bosi akachungulia. Kisha: "Nani kaniwekea hiki kitu?"

Nani kaniwekea! Miaka mitatu anakunywa humo.

Akaunda kamati ya uchunguzi, mwenyekiti mimi. Mkataba umeongezwa miezi sita, nimtafute mhusika. Nikasema basi angalau niioshe.

"Usiiguse. Huo ni ushahidi." Kaifungia kabatini.

Sasa hivi nimepita mlangoni kwake. Kafungua kabati, kapiga mafunda mawili, kafunga tena.

"Kiu, mwenyekiti," akaniambia.