Bodi la Alumini na Neno Nililokusingizia

Kaka yangu Athumani uliyetangulia,

Nakuandikia nikiwa ndani ya pikapu yetu, nimekaa upande wa abiria. Kiti chako cha dereva bado sijakizoea, ingawa ndicho ninachokalia nikiendesha tangu tulipokuzika. Gari nimeliegesha kijiweni kwetu hapa Kibiti, jirani na soko, na nyuma bodi halina mlango. Watu wanapita, wananisalimia kwa sauti ya upole, ile anayosalimiwa nayo mfiwa, na upole wao ndio unaoniumiza. Barua kama hii mtu huiandika kwa siri, akaikunja, akaiweka sandukuni. Mimi naiandika wazi, na baada ya swala ya alasiri nitaisoma mbele ya wenzetu wote, kwa sababu nilikusingizia mbele yao.

Unakumbuka ubishi ulivyoanza? Alikuja jamaa kutoka Dar kununua ufuta, na pikapu yenye bodi la alumini linalong'aa kama sufuria mpya. Akagonga ubavu wake kwa kucha, ukalia ti, akatuambia, "Hili wanaume wawili tu wanalibeba. Nyie wenzangu mnatembea na daraja mgongoni." Akapakia ufuta wake, akaondoka. Yeye alikaa saa moja, sisi tukabaki tunabishana mwaka mzima.

Kijiwe kikagawanyika kama msikiti wenye maimamu wawili. Mzee Mkumba, ambaye pikapu yake imeizidi umri ndoa yake, akasema alumini kazi yake ni kupikia wali. Salumu akasema mwenye bodi zito anachoma dizeli kubeba chuma chake mwenyewe, kwenda na kurudi, hata siku ambayo hana mzigo. Mimi nikawa upande wa Salumu, tena kwa kelele kuliko Salumu. Wewe ulikuwa unakunywa kahawa. Ulitusikiliza mpaka kikombe kikaisha, ndipo ukasema, "Barabara ya Dimani haijui dizeli, bwana. Inajua mashimo."

Watu walicheka sana. Mimi nilinuna. Unanijua nilivyo, nikishindwa ubishi hata tonge halinishuki.

Lakini kweli gari lile lilikuwa lako kuliko langu, japo tulilinunua pamoja. Bodi la chuma ulilijenga kwa mkono wako, wewe na yule fundi wa Ikwiriri. Siku nne ulimshikia vyuma vya pembe naye anachomelea, na kwa ubishi wako ukakataa miwani. Ulirudi nyumbani macho mekundu, huoni mbele. Shemeji Mwanaidi akakubandika vipande vya kiazi machoni, ukalala sebuleni na viazi vyako, watoto wanacheka, nawe unaniuliza kama rangi ya buluu itafaa. Nilikuambia itafaa. Ilikuwa siku nzuri ile, na sikujua kwamba siku za namna hiyo zina idadi.

Na ile ngumi yako. Kabla hatujaondoka Dimani na mzigo ulikuwa ukishuka, unakunja ngumi, unaipitisha kati ya tairi la nyuma na madigadi. Ikipita, twende. Ikikwama, gunia linashuka, hata kama mwenye gunia ni mjomba wetu. Nani kijiweni ana mizani? Wenzetu wote wakaiga, wakaiita ngumi ya Athumani, na wenye vikono vidogo wakawa wanalalamikiwa kwamba wanadanganya.

Kisha ikaja ile presha, ukalazwa. Asubuhi ile ya mwisho tulibaki wawili wodini, shemeji ametoka kwenda kukuchemshia uji. Nami, Mungu anisamehe, nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kumaliza ubishi wetu. Nikakuambia, "Kaka, ukipona tulibadilishe lile bodi, eti?" Nilisema kama utani, lakini jibu nililitaka. Habari ya bodi hukunijibu. Jua halijafika utosini ukawa umeondoka.

Matanga yakapita, arobaini ikapita, na mimi bado nina ubishi wangu kifuani. Gari sasa lilikuwa na wenyewe: mimi, shemeji na wanao. Bila idhini ya shemeji nisingeweza kugusa hata msumari. Alikuwa eda, ndani ya nguo zake nyeupe. Mimi nikakaa barazani, yeye nyuma ya pazia la mlango, nikamweleza habari za dizeli na uzito, maneno mengi kama wakala wa bima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji, mimi gari silijui," akasema. "Mwenyewe alisemaje?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi: hakusema. Lakini nikasema, "Tulizungumza wodini. Alisema, fanyeni."

Pazia halikutikisika. Akauliza, "Hilo ndilo neno lake la mwisho?"

Nikasema ndilo.

"Basi fanyeni."

Nimejitetea sana moyoni, kaka. Nilijiambia kwamba kwetu mwali akiulizwa kama ameridhia, akanyamaza, kimya chake ni ridhaa, na ndoa inafungwa. Nikakufanya wewe mwali. Lakini mwali hunyamaza kwa haya, na wewe ulikuwa unakata roho. Na hata hivyo mimi sikumwambia shemeji kwamba ulinyamaza. Nilimpa neno, tena neno zuri, la kumfaa mtu anayekufa. Mwenye eda haendi kijiweni kuuliza watu. Nililijua hilo nilipokuwa nalisema.

Kijiweni nako nikalipeleka. Mzee Mkumba alitikisa kichwa, akasema, "Kumbe Athumani naye mwisho aligeuka." Salumu akanipiga bega. Nilijisikia mshindi. Fikiria, mtu mzima anajisikia mshindi kwa kumshinda maiti.

Fundi wa Ikwiriri alilikata bodi lako kwa nusu siku. Kazi ya siku nne! Alipomaliza kufunga lile jipya, lililoungwa kwa ribiti, vijipini vya kugongwa badala ya kuchomelea, akaniambia, "Bakari, hili lina mzigo wake. Usiliendeshe kama lile la kaka yako." Nikamwambia nimesikia.

Wiki za mwanzo nilitamba. Gari lilikuwa jepesi hata usukani ulibadilika, na dizeli ya kwenda Dimani na kurudi ikawa inabaki kwenye tangi. Nilikuwa nawafungulia watu kifuniko wachungulie, kama kwamba dizeli inaonekana. Tatizo likaja na ngumi. Nilikuwa naipitisha kama ulivyonifundisha, inapita, na juu yake inabaki nafasi. Ile nafasi ilinikera. Niliona kama naacha chakula sahanini. Nikaongeza gunia. Ikapita. Nikaongeza jingine, mpaka ngumi ikawa inapita kwa kujikwaruza kama zamani, nami nikasema sawasawa, ndiyo kipimo cha marehemu.

Ulishaona ujinga wangu ulipo. Uzito wote niliouondoa kwenye chuma niliurudisha kwa mpunga, na dizeli ikarudi palepale ilipokuwa. Tena chuma chako kilikuwa kinajibeba na kushika mzigo, alumini yangu ikawa inashika magunia ambayo chuma chako hakikuwahi kuyaona. Ngumi iliniambia ukweli kuhusu springi. Habari za ribiti haikuwa nazo, na mimi sikumkumbuka fundi.

Siku ya ajali nilitoka Dimani asubuhi na mpunga. Bi Somoe, rafiki wa mama yetu, aliomba nimfikishe Kibiti kliniki ya macho. Mbele alikaa mwenye mpunga, kwa hiyo Bi Somoe akapanda nyuma juu ya magunia, kama alivyozoea enzi zako. Nilimshika mkono nikampandisha, akaniombea dua. Tulipoingia shimo moja, wala si kubwa, nilisikia mlio mkavu wa ukuni unaovunjwa. Kona ya bodi ilifumuka ribiti moja baada ya nyingine, mlango wa nyuma ukang'oka, magunia yakamiminika barabarani na Bi Somoe pamoja nayo.

Alivunjika nyonga. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu viatu vyake viko wapi.

Sasa yuko kwa binti yake, kitandani, na daktari amesema kutembea ni majaliwa. Wiki iliyopita shemeji, ambaye ametoka eda, alichukua khanga mpya na sukari akaenda kumwangukia. Hakwenda kuniombea radhi mimi. Alikwenda kukuombea wewe. Alisema, "Bi Somoe, mume wangu ndiye aliyelitaka hilo bodi, na kwa kuwa hayupo mimi ndiye wa kulaumiwa. Msamehe asiteseke huko aliko." Nilikuwa mlangoni, nimeshika kapu. Bi Somoe alimpapasa mkono, akasema, "Athumani nimemsamehe, mwanangu. Ila nashangaa. Mtu aliyekuwa akimshusha hata mjomba wake gunia, mimi alinionea kwa nini?"

Nikaweka kapu chini, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jiko lao. Niliona aibu, kaka, aibu yenye harufu. Nilikuua mara ya pili na safari hii nilikuua jina. Kijiweni wanakutaja kwa kukuhurumia. "Athumani alikuwa dereva, lakini ugonjwa ulimchanganya." Mzee Mkumba, aliyekuwa upande wako katika ubishi, ndiye asemaye hivyo, na anasema kwa nia njema.

Na huko nyumbani neno langu limezaa. Binti yako Zubeda akisitasita kufanya hesabu za shule, mama yake anamwambia, "Baba yenu alisema fanyeni." Wakienda shamba na mvua imetanda, fanyeni. Wadogo wanalisema hata wakicheza. Nilidhani nimesema uongo wa bodi la gari, kumbe nimewapa watoto wako wasia wa baba ambao baba hakuutoa. Jana Zubeda ameniuliza ulilisema kwa sauti gani. Nikamwambia nina haraka.

Usiku mmoja haukupita, nikaamua. Watu wa kijiweni, nyie mnaosikiliza, au mwenzenu yeyote atakayeisoma hii: Athumani hakuridhia alumini. Wala hakuikataa siku ile. Mimi ndiye niliyeitaka, mimi ndiye niliyelijaza bodi, mimi ndiye niliyemwangusha Bi Somoe, na ngumi ya kaka yangu msiiseme vibaya, ilipimia gari alilolijua. Kama alumini ni nzuri au mbaya, endeleeni kubishana. Mimi katika ubishi huo nimejitoa. Bodi lijalo atalichagua shemeji akiwa anajua kila kitu, na kama akitaka gari liuzwe, sitafungua mdomo.

Kaka, nilitaka nikuage hapa, nikwambie ardhi ikuwie nyepesi, na kwamba radhi yako naiomba ingawa sijui utaileta kwa njia gani. Lakini kuna jambo la asubuhi ya leo.

Nilikwenda kwa shemeji kabla sijaja kijiweni, nikamweleza yote. Hakupiga ukemi kama nilivyoogopa. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta. Bodi hakuliuliza. Bi Somoe hakumtaja. Aliweka ungo chini, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Sasa alisema nini?"

Ndipo nikajua nilichomwibia. Nikamwambia: nilipokuuliza habari ya bodi, ulikuwa umegeukia mlango. Ulisema, "Mwanaidi hajarudi?" Nikakwambia yuko njiani. Ukasema, "Mwambie asikimbie, atajimwagia uji." Ukafumba macho.

Shemeji aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, polepole. Kisha akamwita Zubeda kutoka uani, akamkalisha kwenye mkeka, na bila kunitazama akasema, "Mwambie na huyu."

Nikamwambia.

Mdogo wako,
Bakari