Paukwa Bila Pakawa

Jumapili, 5 Oktoba 2025 – Riyadh

Hasira! Zeinab, mtoto wa Mombasa aliyeingia darasani kwangu mwezi uliopita, wanataka kumshusha darasa. Mwalimu Hanan, anayewapima wanafunzi wageni, kasema mtoto hana lugha. Eti aliambiwa asimulie hadithi kwa lugha yoyote, akatamka neno moja, akanyamaza. Zeinab huyuhuyu anayenipigia domo hadi nasahau nilichokuwa nikiandika ubaoni? Mkuu wa shule anasema Alhamisi ya wiki ijayo, halas, basi, ataamua.

Nami ndiye ninayefanya utafiti wa jinsi watoto weusi wanavyofaulu wakifundishwa kwa desturi za kwao! Huyu mmoja akiniponyoka, utafiti wa nini?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepewa rekodi ya sauti ya kipimo kile. Neno lenyewe: "Paukwa!" Kimya. "Paukwa?" – tena, kwa sauti ndogo. Kimya. Basi. Alikuwa akingoja "Pakawa", maskini! Nani huanza hadithi bila kuitikiwa? Nimecheka, kisha nikalia.

Mapumzikoni nikamwuliza Zeinab mwenyewe. Kasema yule mwalimu hakuitaka hadithi yake.

Ijumaa, 10 Oktoba – Jeddah

Kwa Risper, nesi, rafiki yangu tangu chuo. Sebule yake hapa Al-Rawdah imejaa watoto wa Wakenya na Watanzania. Kwanza nimewaomba hadithi, nikawasikiliza kimya, kama Hanan. Maneno ya kubanwa, macho sakafuni. Kisha nikawaitikia – loo! Hawakukamatika. Fisi, sungura, mpaka jini aliyekosa ikama, kibali cha kuishi huku.

Risper: "Achieng, umekuja kufanya research ama kuniletea sherehe?"

Vyote! Nimerekodi kila kitu.

Jumatatu, 13 Oktoba – Riyadh

Mkuu kasikiliza rekodi zangu. Zeinab atapimwa upya, lakini na Hanan yuleyule. Hanan kanuna. Kipimo ni kimoja kwa wote, anasema, na mpimaji hafungui mdomo. Nikamwuliza bibi yake alikuwa akianzaje hadithi. Kasema bibi hakuanza mpaka watoto wote wamswalie Mtume. Akiwa bado ananuna, kaniambia nimfundishe hilo neno la kuitikia.

Nimempenda ghafla, jamani.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niko nje ya mlango, naandikia gotini. Mama Zeinab yuko kando yangu, midomo inacheza, anaomba dua. Asubuhi nilimkuta Hanan kwenye ngazi akijizoeza kuitikia peke yake. P haimtoki kabisa, Kiarabu hakina! Nikajifanya sijasikia.

Zeinab kaingia bila kugeuka nyuma. Sipendi. Bado anaamini hatakiwi mle.

Swali limeulizwa. Kimya.

Sema, mwanangu!

"Paukwa." – sauti ndogo ileile.

Hakuna kitu. Hanan, tafadhali! Mama Zeinab kanishika mkono wa kuandikia, mwandiko unaruka –

"Bakawa!"

Zeinab anacheka. Sasa anacheka mno, Mungu wangu, asije akasahau hadithi –

"Hapana, mwalimu, sema kwa nguvu! Paukwa!"

"Bakawa!"

"Haya. Hapo zamani za kale –"